Uliza Fundi: chubwi za kung'aa, rangi ya unga, na oveni isiyorudi jikoni

Haya wasomaji wetu, salaam aleikum. Barua za safari hii karibu zote zimetoka pwani ya kaskazini, Malindi mpaka Lamu, na zote zinazunguka jambo moja, hii rangi ya unga inayopikwa kwenye oveni, poda koti, watu wanaitaka kwenye chubwi (vile vizito vya kuzamishia mshipi) na jigi (chambo cha bandia cha madini) wanazosubu wenyewe, yaani wanayeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu, ili zitoke na mng'aro wa madini. Nimefurahi sana manake hii ni kazi nzuri na ikifanywa sawa inadumu. Lakini ndani ya barua hizo kuna mambo yamenitia wasiwasi kweli kweli, na hayo nitayasema wazi bila kuzungusha.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi kijana wa Shela hapa Malindi, nafanya kazi kwa boti za kuvua na wageni, na nikipata nafasi nasubu jigi zangu mwenyewe za kolekole. Nazipiga rangi ya spree lakini siku moja tu mwambani ishabanduka yote. Sasa nimeona Wamarekani kwa video wanasubu risasi za bunduki nyumbani, wanazitia kwenye kopo la plastiki na unga wa rangi, wanatikisa tikisa alafu wanazioka na zinatoka zinang'aa kama shaba. Je hiyo kitu itafanya kazi kwa jigi? Na si zitayeyuka ndani ya oveni?

JIBU: Marahaba mwanangu. Itafanya kazi, na hazitayeyuka kama risasi yako ni safi. Risasi inayeyuka kwa digrii 327, na unga mwingi wa polista unaiva kati ya 180 na 200, kwa hivo hapo katikati una nafasi kubwa. Ila nimesema kama ni safi, na shika neno hilo manake kuna mwenzio wa Mayungu hapo chini limemgharimu.

Kwanza uelewe kwa nini spree inabanduka na unga haubanduki. Spree ni rangi iliyoyeyushwa kwa thina, thina inaruka na rangi inabaki imekaa tu juu, na juu ya risasi inakaa vibaya zaidi manake risasi ni laini, ukiigonga kidogo inabonyea na rangi ngumu inapasuka. Unga ni plastiki iliyosagwa laini pamoja na rangi na dawa ya kuigandisha, ukipata joto unayeyuka, unatambaa, unashika kila mahali, alafu unajifunga wenyewe kwa wenyewe na baada ya hapo hata ukiupasha tena hauyeyuki. Ukiiva vizuri unaweza kuigonga jigi kwa nyundo ikabonyea na rangi ikabonyea nayo bila kupasuka. Hao Wamarekani ndio wanavyojaribu zao, wanaziponda kwa nyundo waone kama rangi itaachia. Wao wana sababu yao, risasi tupu ikipita kwenye mtutu inaacha uchafu ndani ya bomba, zamani walikuwa wanapaka mafuta mazito, sasa unga unafanya kazi hiyo. Hayo ni ya kwao kwa sheria za kwao, hapa Kenya kutengeneza risasi za bunduki bila leseni ni kosa la jinai na wala usijaribu hata moja kwa kuona tu. Tunachokichukua ni ufundi wa unga.

Sasa lile kopo. Unga unashika kwa umeme wa msuguano, ule ule unaosimamisha nywele ukivua sweta. Plastiki ikisuguana na unga inauchaji, unga unarukia kwenye madini. Kwa hivo kopo lenyewe ni sehemu ya kazi, si chombo cha kubebea tu, na yale yenye alama ya pembetatu na namba 5 chini ndio yanachaji vizuri, mengi ya mikebe ya kuhifadhia chakula ni hayo (na likishatumika hapa halirudi kwenye chakula milele). Wengine wanatia humo vigololi vyeusi vya plastiki vya bastola za kuchezea kuongeza msuguano, ukipata tia, usipopata kazi inaenda ila itabidi utikise zaidi. Adui mkubwa ni unyevu. Huku kwetu wakati wa masika unga unachukua maji ya hewani, unakuwa mabonge na hauchaji, unatikisa mpaka mkono unauma na jigi zinatoka na mabaka. Fanya kazi hii Januari na Februari kaskazi ikiwa imekausha hewa, au basi fanya mchana jua kali, na mkebe wa unga ufunge kwa kifuniko cha kukaza na utie ndani vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya.

Lakini kwako wewe wa jigi mimi sikushauri kopo. Kopo ni zuri kwa vitu vidogo visivyo na ndoana wala waya, chubwi za yai, shanga za risasi, vitu unavyoweza kuvitikisa hamsini kwa pamoja. Jigi yenye pete na waya ndani itagonga mwenzake na kukwaruzana. Yako ipashe kwanza alafu uichovye. Ishike kwa koleo pale kwenye pete, ipashe kwa mashine ya hewa moto au kama ni nzito iweke ndani ya oveni mpaka ipate kama digrii 150 hivi, ichovye haraka ndani ya unga na uitoe, sekunde moja au mbili, unga unayeyukia pale pale. Ukiona umekaa mnene na una mawimbi mawimbi kama ganda la chungwa ujue umepasha sana au umechelewa kutoa. Ukiona una vumbi haujayeyuka joto lilikuwa dogo. Unga lazima uwe umefumuka, ukiwa umejishindilia chini ya kopo jigi inatoka na donge upande mmoja, wengine wanatengeneza kikombe chenye kitambaa chini wanapuliza hewa kwa pampu ndogo ya tangi la samaki, unga unachemka kama maji, na ukiweza kuipata hiyo pampu ndio njia bora kuliko zote. Rangi ikiwa bado ya moto zibua pete kwa sindano, ikishaiva ni shida.

Alafu sasa uoke. Hapa ndipo watu wanakosea, kwenye mkebe wameandika digrii 180 dakika 20 au 200 dakika 10, na hizo dakika zinahesabiwa kuanzia jigi yenyewe imefika joto hilo, si kuanzia umefunga mlango. Jigi ya gramu 200 inachukua muda wake kupata joto. Usiamini kitufe cha oveni, nunua themometa ya kuweka ndani. Ikishapoa chukua kitambaa cheupe kilicholowa asetoni usugue, rangi kidogo sana ikitoka si neno, ikiwa inanata au inatoka nyingi haijaiva, irudishe.

Na moto wa wazi usiwe karibu na unga. Unga uliotimka hewani unaweza kulipuka kama mvuke wa petroli, na barakoa vaa, hicho si kitu cha kuvuta mapafuni.

SWALI: Sabalkheri fundi. Nimenunua unga wa rangi ya fedha, nikachovya chubwi zangu nikaoka vile inavyotakiwa, zimetoka kijivu kimekufa tu kama saruji. Mng'aro uko wapi? Mvuvi, Kizingitini, Lamu.

JIBU: Sabalkheri ndugu yangu. Hili swali lako ndilo nililokuwa nalingojea manake watu wengi wananunua jina la rangi, hawanunui rangi.

Mng'aro wa madini kwenye unga unatokana na magamba madogo madogo ya aluminiamu au ya maika, lile jiwe la kumeremeta linalobanduka magamba magamba, yaliyochanganywa humo. Yale magamba yakilala bapa sawasawa karibu na juu, nuru inayapiga na kurudi na wewe unaona fedha. Yakisimama ovyo ovyo nuru inatawanyika na unaona kijivu. Sasa kuna unga ambao magamba yametiwa tu na kukorogwa, na kuna ule ambao yamegandishwa kwenye chembe za unga kiwandani kwa joto. Ule wa kukorogwa ni rahisi bei lakini magamba na unga havichaji sawa wala havina uzito sawa, ukitikisa kwenye kopo yanatengana, chubwi za mwanzo zinapata magamba mengi na za mwisho zinapata unga mtupu, na ukirudisha unga uliobaki mkebeni umeshaharibu mkebe mzima. Muulize muuzaji moja kwa moja, magamba yamegandishwa au yamechanganywa tu? Asiyejua kukujibu nunua kwake nyeupe na nyeusi tu.

La pili ni unene. Safu nzuri ni kama maikroni 60 mpaka 80, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukichovya chubwi ikiwa moto sana unapata safu nene mara mbili tatu, magamba yanazama na kugeukageuka humo ndani, na mng'aro umekwisha.

Lakini mimi nitakupa njia ninayoipenda zaidi, na hii haihitaji unga wa fedha kabisa. Risasi yenyewe ikiwa mpya inang'aa. Ikitoka kwenye kalibu ni fedha tupu, inakuja kufifia baadaye ikishapata hewa, na huku kwetu kwa chumvi hii inafifia haraka. Kwa hivo subu leo, safisha leo, na uipake leo leo unga usio na rangi, ule wa kupitisha nuru, na utaona risasi yenyewe chini yake imekaa na mng'aro wake haibadiliki tena. Ukitaka dhahabu au shaba tumia unga wa kupitisha nuru wenye rangi ya manjano au ya kahawia, juu ya risasi safi inatoka kama kitu kilichochovywa dhahabu kweli. Zile risasi za Wamarekani zinazoonekana kama shaba, kuna wanaotumia unga wa magamba na kuna wanaofanya hivi. Kama risasi yako ishakuwa kijivu piga brashi ya waya laini ukiwa umeilowesha, vumbi lake lisiruke, alafu ioshe kwa sabuni, ikaushe, umalize na asetoni na kuanzia hapo usiiguse kwa kidole mpaka imeshapakwa, manake alama ya kidole yenye mafuta itaonekana chini ya rangi maisha yake yote.

Ile ya kroma, ya kujiona uso kama kioo, sikupotezei pesa zako. Inataka msingi laini kabisa, na bila safu ya juu ya kuilinda inachakaa, na ukiitia hiyo safu ya juu inapoteza nusu ya kioo chake. Kwa chubwi inayoenda kukwaruzwa na mwamba ni hasara.

SWALI: Fundi mimi nimepata msiba. Nimeweka chubwi zangu ndani ya oveni digrii 200, nimerudi nyingine zimelala kama mshumaa, nyingine zimedondoka chini kabisa zimeacha pete zinaning'inia. Si ulisema risasi ni 327? Mayungu, Malindi.

JIBU: Pole sana kaka. Risasi ni 327 ikiwa risasi tupu. Wewe kwenye barua yako ndefu umesema ulichanganya na waya za kulehemu za fundi redio, na hapo ndipo penye jibu. Ile ya kulehemu ni bati na risasi pamoja, na mchanganyiko wa 63 kwa 37 unayeyuka kwa digrii 183 tu, chini ya bati peke yake na chini ya risasi peke yake. Kiasi kidogo hakisumbui, lakini ukitia nyingi kuna sehemu ndani ya chubwi zinaanza kulainika kabla unga haujaiva. Hizo za kulehemu ziweke kando uwauzie hao hao mafundi redio.

Na jambo la pili, vile vioveni vidogo vya umeme nyaya zake ziko karibu sana, kipande kilichoko sentimita mbili kutoka kwenye waya kinaweza kuwa kinapata joto kubwa kuliko themometa iliyoko katikati inavyosema. Weka foili kati ya waya na chubwi, ning'iniza katikati, na kama una unga wa kuivia 180 tumia huo na uongeze dakika.

Vyuma vya kubalansi tairi navyo angalia. Vya zamani vilikuwa risasi yenye antimoni kidogo, vizuri sana kwa kusubu, vigumu kuliko risasi tupu. Vya siku hizi vingi ni zinki au chuma. Zinki inayeyuka kwa 419, kwa hivo ukiweka sufuria yako chini ya digrii 400 zinki na chuma vitaelea juu vizima unaviopoa kwa upawa, lakini ukipandisha moto kwa haraka zinki itaingia na risasi itakuwa kama uji mzito isiyojaza kalibu, na kuitoa tena ni balaa.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama, naishi Langoni, Lamu. Bwana yangu anayeyusha risasi kiwandani mwa nyumba, yaani pale uani ndani, kwa sufuria yetu ya zamani, alafu anapaka hiyo rangi na kuioka kwa oveni yangu ya keki, anasema ikishaoshwa haina neno. Nina mtoto wa miaka miwili anatambaa na kucheza hapo hapo. Moyo wangu haujatulia, nisaidie.

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Moyo wako umesema kweli, na naomba barua hii umsomee bwana yako akiwa amekaa, na wavuvi wengine wote wanaosoma ukurasa huu wasikilize nao.

Oveni hiyo isipikiwe tena chakula. Sufuria hiyo isirudi jikoni, upawa huo usirudi jikoni, bakuli la unga lisirudi jikoni. Haioshiki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anachukua risasi tumboni mwake kwa wingi kuliko mtu mzima akila kiasi kile kile, na inaenda kwenye ubongo unaokua, na madhara yake kwa akili na masomo hayarudi nyuma. Na hatari kubwa kwa kazi ya nyumbani si moshi kama watu wanavyodhani, kwa joto la kusubu la kawaida mvuke wa risasi ni mdogo, hatari ni vumbi. Ule uchafu wa kijivu unaoenguliwa juu ya sufuria ni unga laini wa risasi, unaanguka sakafuni, unaingia kwenye nyufa za chokaa, mtoto anatambaa, mkono unaenda mdomoni. Na kiwanda cha nyumba zetu za Lamu kimezungukwa na kuta pande zote, hakuna upepo wa kulipeleka vumbi kokote, linabaki na nyinyi.

Sasa fanya hivi. Kazi yote ihame, iende nje ya mtaa, penye upepo, mbali na watoto. Kiwanda usikifagie kwa ufagio mkavu, kifute kwa tambara la maji na sabuni tena na tena na matambara uyatupe. Bwana akimaliza kazi aoshe mikono na uso kwa sabuni kabla hajagusa chakula, sigara au mtoto, nguo na ndara za kazi zibaki kule, zifuliwe peke yake. Enda na mtoto hospitali uwaambie hivi hivi, nyumbani kunayeyushwa risasi, naomba apimwe damu kiwango cha risasi, na hata sampuli ikibidi itolewe nje ya Lamu kubali usubiri. Mtoto ale vizuri, maziwa, dagaa, maharagwe, mboga za majani, manake mwili wenye upungufu wa chuma na kalsiamu unavuta risasi zaidi. Na kama wewe mwenyewe una mimba basi usisogee kabisa, inapita kwenda kwa mtoto tumboni.

Asije mtu akasema hizi ni hofu za Wazungu. Hapo Mombasa tu, kijiji cha Owino Uhuru, watu na watoto waliathirika na risasi ya kiwanda kilichokuwa kinayeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido aliyesimama na wanakijiji akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikaendelea kupanda mpaka Mahakama ya Juu. Pesa hazimrudishi mtoto. Nyinyi mnaweza kulizuia leo kwa kununua kioveni cha mtumba na kuihamisha kazi.

SWALI: Kwa nini rangi yangu inatoka na vitundu na mapovu? Watamu.

JIBU: Hewa na maji vilivyojificha ndani ya risasi. Ukisubu kwa kalibu baridi risasi inatoka na vishimo, vikipata joto hewa inatoka ikipenya kwenye rangi iliyoyeyuka. Pasha kalibu kwanza, na kabla ya kupaka ziweke chubwi tupu ndani ya oveni nusu saa kwa joto lililo juu kidogo ya lile utakalookea, zitoe pumzi yote, alafu ndio upake. Na chumvi, ukiwa unarudia chubwi za zamani zilizokaa baharini zichemshe kwanza kwa maji matamu kwenye debe la kazi.

Hapa hapa niseme, chubwi za kuokota pwani usizitupe kamwe ndani ya risasi iliyokwisha kuyeyuka. Tone moja la maji likizama chini ya risasi ya moto linageuka mvuke linapanuka zaidi ya mara elfu moja na mia tano kwa mpigo, na sufuria nzima inakurukia usoni. Ziweke kwenye sufuria ikiwa baridi, zipate moto pamoja nayo taratibu. Miwani, glavu za ngozi, mikono mirefu, viatu vya kufunika. Kikoi na ndara ni vya barazani.

SWALI: Betri za gari zina risasi nyingi na ni bure, natoa tu zile sahani. Kuna ubaya?

JIBU: Kuna ubaya mkubwa, usifanye. Zina asidi, na ile takataka nyingi ndani yake si risasi safi, ni vumbi la oksidi na salfeti ambalo ndilo baya kuliko yote. Na kwenye sahani za betri kuna madini mengine, takataka yake ikipata unyevu inaweza kutoa gesi za sumu kali ambazo hutazisikia mpaka umechelewa. Betri iuze nzima kama ilivyo kwa wanaozinunua. Risasi tafuta ya zile karatasi laini za risasi za kuzibia paa, ya mabomba ya zamani, au vile vyuma vya tairi.

SWALI: Fundi, rangi gani ya jigi inavuta zaidi hapa Malindi? Wengine wanasema nyekundu ya kung'aa, wengine fedha. Nahodha, Malindi.

JIBU: Nahodha, inategemea maji na kina. Mto Sabaki ukishuka na mvua, maji ya kaskazini ya mji yanakuwa ya udongo mpaka mbali, na humo mng'aro wa madini hauna maana manake hakuna nuru ya kuupiga. Hapo tumia nyeupe tupu au ile ya manjano-kijani kali, na nyeusi pia si mbaya, samaki anaona kivuli chake. Maji yakiwa safi wakati wa kaskazi fedha ndio mwenyewe, kila jigi ikigeuka inatoa mmweko mmoja kama kibua anavyogeuka. Nyekundu ndio rangi ya kwanza kupotea ukishuka, mita chache tu maji yameshaimeza, na chini kule kwa chewa na changu jigi yako nyekundu ya gharama ni nyeusi tu. Buluu na kijani zinashuka mbali zaidi. Mimi ningechovya buluu ya kupitisha nuru mgongoni na tumbo niliache fedha, na nukta moja ya jicho, basi. Rangi mbili unazipata kwa kuchovya tumbo kwanza kwa unga usio na rangi, alafu ukiwa bado wa moto unaunyunyizia ule wa buluu juu kwa brashi laini ya kipodozi, kidogo kidogo, na kuoka mara moja tu.

Na unajua mwenyewe mipaka ya hifadhi ya bahari, humo ndani si fedha si nyekundu.

SWALI: Hii rangi si inafunika risasi yote? Yaani chubwi ikikatika ikabaki mwambani haichafui tena bahari? Nauliza kwa sababu mimi napoteza nyingi. Kipungani, Lamu.

JIBU: Ndugu yangu nashukuru umeuliza hili. Rangi inasaidia mkononi mwako, unashika chubwi siku nzima bila kupata weusi wa risasi vidoleni alafu ukala mkate na vidole hivyo hivyo, na hiyo kwangu ni sababu kubwa ya kuipaka kuliko hata urembo. Lakini chubwi iliyokwama mwambani inasuguliwa na mawimbi na mchanga, rangi itatoboka mahali na risasi itakuwa wazi. Uingereza walipiga marufuku kuuzwa kwa chubwi ndogo za risasi, zile za chini ya gramu 28 hivi, tangu 1987 kwa sababu mabata maji ya kule yalikuwa yanazimeza na kufa.

Kwa hivo pale unapojua utapoteza, kwenye mwamba mbovu na mikondo ya mlango wa bahari, usitumie risasi. Tumia nondo. Nondo iliyobaki kwenye ujenzi, ikate, itoboe au uilehemu pete, ipige msasa itoke kutu yote na uichovye kwenye unga huo huo. Chuma kinashika unga vizuri kuliko risasi, hakiogopi digrii 200, hata 230 hakijali, na hakina shida ya kulala kama mshumaa. Ni chepesi tu, risasi ina gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo na chuma 7.85, yaani kwa uzito ule ule chubwi ya nondo itakuwa kubwa kama mara moja na nusu na mkondo utaisukuma zaidi, basi ifanye ndefu na nyembamba badala ya nene, na uzito uongeze kidogo. Ncha zote mbili zizungushe kwa tupa kabla ya kupaka, manake kwenye kona kali unga unayeyuka na kukimbia, unabaki mwembamba, na kutu ya maji ya chumvi inaanzia hapo hapo.